Kompyuta inapokataa kutenga kumbukumbu: namna ya kulisoma kosa kabla ya kulitibu

Katika ujumbe wote wa makosa ambao mtu anayechakata data kwa R, programu ya takwimu, hukutana nao, sijui kama kuna unaokatisha tamaa kuliko huu: "cannot allocate vector of size 762.9 Mb". Laptopu ina RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 8. Faili lenyewe ni la GB moja na nusu. Halafu programu inalalamika kwamba imekosa megabaiti 763. Mwanafunzi mwenye tasnifu ya kukabidhi akisoma hivyo hudhani kompyuta ni mbovu au kwamba lazima anunue nyingine, na kwa bei za vifaa ilivyo, uamuzi wa kununua unaweza kuisimamisha tasnifu muhula mzima. Mara nyingi hakuna haja. Kosa la kumbukumbu linatibika, ila wengi huanza kutibu kabla ya kulisoma.

Tuisome basi ile namba. 762.9 ni ukubwa wa ombi la mwisho tu. R iliomba nafasi ya namba milioni 100, kila moja ikichukua baiti 8, jumla baiti milioni 800. Gawa kwa 1,048,576, ambazo ndizo baiti za megabaiti moja kwa hesabu ya R, utapata 762.9. Ni kama konda anayemwambia abiria wa mwisho kituoni kwamba gari limejaa: abiria aliyekataliwa ni mmoja, na hakuna aliyekutajia idadi ya waliokwisha kukaa.

Hata hivyo namba hiyo ina faida kubwa ukijua kuihoji. Kama jedwali lako lina mistari milioni 5 na safu 20, basi milioni 5 mara 20 ni milioni 100 kamili. Maana yake kuna hatua katika kazi yako inayojaribu kuligeuza jedwali lote kuwa tumbo (matrix) la namba za desimali, pengine ndani ya fomula ya modeli au ndani ya amri ya kusawazisha vipimo. Namba ingekuwa 38.1, ambayo ni milioni 5 mara baiti 8, ungejua kwamba safu moja tu ndiyo iliyokosa nafasi, na kwamba RAM ilikuwa imekwisha muda mrefu kabla ya hapo. Hesabu hii ya dakika moja humwonyesha mtu mahali pa kutazama, na ningependa kila anayefundisha takwimu aifundishe siku ya kwanza.

Sasa waliomo ndani. Ukubwa wa faili kwenye diski haukuambii ukubwa wake kwenye RAM. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Tuseme una jedwali lenye mstari mmoja kwa kila mtu. Kwenye faili la CSV, yaani maandishi yanayotenganishwa kwa koma, umri wa mtu ni tarakimu mbili na koma, baiti tatu hivi. Maktaba ya pandas ya Python ikiisoma safu hiyo bila maelekezo, huiweka katika aina ya int64, baiti 8 kwa kila mtu, na safu moja inakuwa MB 494. Umri wa binadamu hauvuki 127, na namba za hadi 127 zinaenea kwenye baiti moja, aina ya int8, ambapo safu hiyohiyo inashuka hadi MB 62. Jinsia, hali ya ndoa, kiwango cha elimu, uhusiano na mkuu wa kaya, vyote ni namba ndogo za namna hiyo. Safu 40 za aina hii ni karibu GB 20 kwa mpangilio wa kwanza na GB 2.5 kwa wa pili. Data ni ileile, majibu ni yaleyale.

Kuna mtego mdogo hapo. Akitokea mtu mmoja tu asiye na umri, pandas hubadili safu nzima kuwa desimali, kwa kuwa aina ya kawaida ya namba kamili haina mahali pa kuandika kwamba thamani haipo. Ukiagiza int8 kwenye safu yenye mapengo utapata kosa jingine. Tumia Int8 yenye herufi kubwa mwanzoni: hiyo hukubali mapengo na huchukua baiti mbili kwa kila mstari.

Maneno ndiyo hula zaidi. Jina "Dar es Salaam" likihifadhiwa kama kitu cha kawaida cha Python huchukua zaidi ya baiti 50, na juu yake baiti 8 za anwani inayolielekeza. Tanzania ina mikoa 31. Hakuna sababu ya kuyabeba majina hayo mara milioni 61. Ukiigeuza safu ya mkoa kuwa aina ya category, pandas huhifadhi majina 31 mara moja, na kila mstari unabaki na baiti moja ya kuonyesha ni mkoa upi. R ina nafuu hapa, kwani hutunza kila neno mara moja na kuweka anwani ya baiti 8 kwenye kila mstari, na ukitumia factor, aina ya R ya makundi, inashuka hadi 4. Kwa wanaotumia Stata, programu nyingine ya takwimu, amri ya compress hupitia safu zote na kuzipunguza hadi aina ndogo kabisa isiyopoteza kitu. Ni neno moja, na wengi hawajawahi kuliandika.

Mpaka hapa tumehesabu data ikiwa imetulia. Kosa hutokea data ikiwa mbioni. Kupanga jedwali upya, kuchuja, kubadili aina, kuunganisha: hatua nyingi za namna hii hujenga jedwali jipya wakati la zamani lingali hai, na kwa sekunde chache RAM inabeba yote mawili, wakati mwingine matatu. Ndiyo maana ukifungua kidhibiti kazi baada ya kosa unakuta GB 3 ziko wazi na unahisi umedanganywa. Nafasi ilipanda, ombi likakataliwa, nakala za muda zikafutwa, ikashuka. Kinachoamua kama kazi itapita ni kilele. Wes McKinney, aliyeanza kuiunda pandas mwaka 2008, aliandika mwaka 2017 kwamba kanuni yake ni kuwa na RAM mara 5 hadi 10 ya ukubwa wa data. Watu huichukulia kama tahadhari ya kupitiliza, lakini kwa pandas ya kawaida, isiyopewa maelekezo ya aina, ni makadirio ya haki.

Modeli za takwimu zina kilele cha aina yake. Chukua mistari milioni 5 na safu moja ya wilaya 150. Ikiwa factor ndani ya R, safu hiyo ni MB 20. Ukiiweka ndani ya lm, amri ya R ya regresheni, R huigeuza kuwa safu 149 za sifuri na moja, kila namba baiti 8: karibu GB 6 kwa kigezo kimoja, kabla ya nakala ambazo hesabu yenyewe itahitaji, na kabla ya zile ambazo lm huzihifadhi ndani ya matokeo. Hakuna laptopu ya kawaida itakayovumilia. Vifurushi kama fixest kwa R na reghdfe kwa Stata huondoa athari za wilaya bila kujenga safu hizo, na makadirio ya vigezo vingine yanabaki yaleyale. Mtu asiyejua hili hupunguza sampuli yake hadi robo ili modeli ipite, akatupa robo tatu za data ambazo wahojaji walitembea kijiji kwa kijiji kuzikusanya. Hilo linaniuma kila ninapoliona.

Inafaa pia kujua aliyekataa ni nani, maana kila mkataaji ana dawa yake. Programu zinazoendeshwa na Java, kama OpenRefine, WEKA na Spark, huishi ndani ya kikomo zilichojiwekea. Bila maelekezo, Java huchukua robo ya RAM ya mashine. Kwenye GB 8 ni GB 2, na ikijaa utaona "Java heap space" ingawa zaidi ya nusu ya RAM haina kazi. Dawa ni kuongeza kikomo, kwa mfano -Xmx6g, ukiacha kiasi kwa ajili ya mfumo endeshi. Kwa Spark angalia hasa kumbukumbu ya dereva, ambayo kwa kawaida huanzia GB 1: amri kama collect na toPandas huvuta data yote kutoka kwenye mashine nyingi hadi kwenye mchakato huo mmoja, na hakuna ukubwa wa klasta utakaokuokoa.

Windows hukataa waziwazi, pale RAM na faili lake la akiba kwenye diski vinapoisha. Linux ina tabia tofauti. Kwa mpangilio wake wa kawaida hukubali maombi mengi kuliko uwezo wake, kwa kutegemea kwamba programu nyingi huomba zaidi ya zitakavyotumia. Mambo yakizidi, kiini cha mfumo huchagua mchakato na kuuua. Python haipati hata nafasi ya kuandika kosa. Kwenye terminali linabaki neno moja, "Killed", au kwenye kontena (programu iliyofungiwa peke yake ndani ya seva) namba 137, ambayo ni 128 kujumlisha 9, yaani ishara ya kuua. Ukiona kazi imekufa kimyakimya kwenye seva, andika dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa mfumo, utazame mistari ya mwisho. Kontena nayo huwa na kikomo chake: seva inaweza kuwa na GB 64 na kontena lako likaruhusiwa 2.

Ushauri uliopitwa na wakati nao hupoteza muda wa watu. Bado wapo wanaoambiwa waandike memory.limit ndani ya R. Amri hiyo ilikuwa ya Windows pekee, na tangu R 4.2.0 ya mwaka 2022 haifanyi chochote. Vivyo hivyo set memory ya Stata haina kazi tangu toleo la 12 la mwaka 2011. Na kama kwa bahati mbaya kompyuta bado ina toleo la biti 32 la programu yoyote kati ya hizi, anwani zake zote haziwezi kuvuka GB 4, na kwenye Windows mchakato mmoja kwa kawaida hupewa 2 tu, hata ungekuwa na RAM ya 32. Hilo halina tiba nyingine zaidi ya kusakinisha toleo la biti 64.

Kuna chanzo kimoja cha kosa hili ambacho ningekichunguza kabla ya vingine vyote, kwa sababu mara nyingi kosa la kumbukumbu ni dalili tu na ugonjwa wenyewe ni matokeo yasiyo sahihi. Ni kuunganisha majedwali mawili kwa ufunguo unaojirudia pande zote. Kila mstari wa upande huu wenye ufunguo fulani hukutanishwa na kila mstari wa upande ule wenye ufunguo uleule. Namba ya kaya ikijirudia mara 6 kwa wanakaya na mara 4 kwa mashamba, kaya hiyo inazaa mistari 24. Hapo bado unapumua. Lakini fikiria kwamba namba ya kaya haikujazwa kwenye mistari 20,000 upande mmoja na 15,000 upande wa pili. Pandas huchukulia mapengo kuwa yanalingana yenyewe kwa yenyewe, na merge ya R hufanya hivyohivyo usipoikataza. Elfu 20 mara elfu 15 ni mistari milioni 300, yote ya kaya ambazo hazipo. Anayeongeza RAM hapo atafanikiwa kupata wastani wa mashamba ya watu hewa.

Kwa hiyo kabla ya kuunganisha, hesabu funguo zilizojirudia na zilizo tupu kila upande. Kwenye pandas ongeza validate="one_to_many" au uhusiano unaoutarajia, na itakataa mapema kwa ujumbe unaoeleweka. Kifurushi cha dplyr cha R, tangu toleo la 1.1.0, hutoa onyo uhusiano ukiwa wa wengi kwa wengi. data.table, kifurushi kingine cha R, hukataa kabisa matokeo yakivimba kupita kiasi, hadi uandike allow.cartesian=TRUE; na watu huandika maneno hayo ili ujumbe uondoke. Nawasihi msifanye hivyo kabla ya kujua ni ufunguo gani umejirudia na kwa nini.

Ufunguo ukiwa salama na data bado haienei, dawa ya kwanza ni kusoma kidogo. Utafiti wa kaya una mamia ya safu na swali lako linahitaji 12. Usecols kwenye read_csv ya pandas, select kwenye fread ya data.table, huacha nyingine nje tangu mwanzo. Kusoma zote kisha kufuta ni kukipanda kilele halafu kushuka, na kilele ndicho kinachoua. Ya pili ni kusoma kwa vipande. Chunksize ya mistari laki tano hukuwezesha kupata jumla na idadi kipande kwa kipande, na wastani unatokana na hizo mbili. Kosa la kawaida hapa ni kukusanya vipande vyote kwenye orodha kisha kuviunganisha mwishoni bila kupunguza kitu, ambapo umerudi pale pale ukiwa umepoteza muda zaidi. Kila kipande kitoke kikiwa kidogo kuliko kilivyoingia. Na kumbuka kwamba namba ya kati (median), yaani ile inayogawa watu nusu kwa nusu, haipatikani kwa kuchukua wastani wa namba za kati za vipande.

Kwa maoni yangu lakini, mtu anayeanza leo na laptopu ya GB 8 asihangaike sana na vipande. Ajifunze DuckDB, programu ya hifadhidata. Ilizaliwa katika kituo cha utafiti cha CWI, Amsterdam, ikatolewa kwa umma mwaka 2019, ni bure, na husakinishwa kwa amri moja ndani ya Python au R. Unaiandikia SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, moja kwa moja juu ya faili la CSV au Parquet. Yenyewe husoma safu zinazotakiwa tu, na kazi nyingi za kupanga, kupanga kwa makundi na kuunganisha inaweza kuzimimina kwenye diski RAM inapobana. Kinachorudi kwako ni jibu, mistari 31 ya mikoa badala ya milioni 61 ya watu. Ukiigeuza CSV kuwa Parquet mara moja, kila usomaji unaofuata unakuwa mwepesi, kwa kuwa Parquet huhifadhi safu kwa safu, ikiwa imebanwa na ikikumbuka aina ya kila safu.

Usafi wa kikao nao una sehemu yake. Jupyter, daftari la kuandikia Python, hukumbuka matokeo ya kila seli iliyomaliza kwa kuonyesha jedwali, kwa hiyo del peke yake huenda isiachie kitu. Kuanzisha upya kiini chake (kernel) ndiko kunakosafisha kwa hakika. RStudio ikiwekwa kurejesha .RData kila inapofunguka, inakupakia data ya mwezi uliopita kabla hujaandika neno. Zima mpangilio huo. Kuita gc, amri ya R ya kuachia kumbukumbu isiyotumika, ovyoovyo hakusaidii sana, R huita yenyewe inapobanwa. Na ukigawa kazi kwa wachakataji 8 sambamba, kwenye Windows kila mmoja hubeba nakala yake ya data, hivyo GB 1.5 inakuwa 12. Kupunguza wachakataji hadi 2 huwa kunaponya kosa ambalo mtu amelihangaikia wiki nzima.

Zipo kazi ambazo hakuna ubanaji utakaozisaidia. Unataka umbali kutoka kaya milioni 1 hadi zahanati 8,000, na NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, inajibu kwamba imeshindwa kutenga GiB 59.6 (sawa na GB 64). Ni bilioni 8 za umbali, baiti 8 kila mmoja. Ukitumia float32 utaipunguza nusu na bado itakataa. Lakini swali lako ni zahanati iliyo karibu zaidi, namba moja kwa kaya. Mti wa KD, mbinu ya kutafuta jirani wa karibu iliyopo tayari ndani ya maktaba ya SciPy, huitafuta hiyo moja bila kuzijenga nyingine 7,999, na matokeo ni MB 8.

Kuzitambua kazi za namna hii mapema, pima kilele kwa sampuli. Kwenye R andika gc(reset = TRUE), endesha kazi, kisha gc() na usome "max used". Kwenye Linux tanguliza /usr/bin/time -v na utafute "Maximum resident set size". Kwenye Windows, kidhibiti kazi kina safu ya "Peak working set" ambayo huwa imefichwa, iwashe. Chukua asilimia 5 ya data, halafu 10, ukichagua kaya nzima na si mistari ovyo, ili uunganishaji ubaki na umbo lake. Toa kiasi ambacho programu hutumia ikiwa tupu. Kama asilimia 5 ilitumia GB 0.6 na 10 ikatumia 1.2, data yote itataka kama GB 12, na mashine ya 16 itatosha. Kama ilitoka 0.6 ikaenda 2.4, data yote itadai karibu GB 240. Usitafute RAM hiyo; tafuta ndani ya msimbo ni wapi kila mstari unakutanishwa na kila mstari.